Peugeot ya Mzee: 404 au 504?

Ikiwa kwenu ni Idsowe, Ngao au Garsen penyewe, huenda nyuma ya nyumba ya babu pana Peugeot iliyolala chini ya mwembe, na kuku wanatagia kiti cha nyuma. Siku moja atafika mtu wa vyuma chakavu na mizani yake, aitake kwa kilo. Kabla hujamkubalia, tazama kwanza ni Peugeot gani.

Ikiwa ina pembe mbili kwenye mkia na gia yake iko kwenye usukani, hiyo ni 404. Ilianza kuuzwa mwaka wa 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia. Ndiyo iliyoshinda Safari Rally mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Ile ya 1968 mvua haikuwa na huruma. Magari 93 yaling'oa nanga, yakamaliza saba tu, mbele wakiwa Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mtu wa delta ya Tana hahitaji kuelezwa udongo mweusi ulivyo ukilowa!

504 ilitoka mwaka huo huo wa 1968, ikiwa na injini kubwa zaidi na viti laini. Ove Andersson alishinda nayo Safari ya 1975. Ile ndefu ya safu tatu za viti wengi wenu mliipanda ikiwa matatu, mmebanana na mizigo juu. Hapa Kenya iliendelea kuunganishwa hadi 2004, miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha kuunda ile ya abiria.

Kwa anayekusanya magari ya kale, mimi nachagua 404. Ni chache, na tangu 2003 kuna mashindano ya Safari Classic yanayofanya magari ya namna hiyo yatafutwe. Lakini ukitaka gari la kukufikisha Malindi na kurudi, shika 504, kwa kuwa vipuri vyake si taabu sana kuvipata.

Injini isikutie hofu, fundi ataifungua. Hofu ni kutu. Magari haya hayana chesisi ya kando, bodi lenyewe ndilo uti wa mgongo. Kama maji ya 1997, 2018 au 2023 yaliifikia, matope yamekaa ndani ya vizingiti vya milango. Chukua bisibisi udunge hapo chini. Ikizama kama kwenye mhogo uliooza, punguza matumaini.

Usiipake rangi mpya kumpendezesha mnunuzi. Taa, bampa na nembo ya simba ziache palepale.

Kisha tafuta kitabu cha usajili. Kama kina jina la babu naye ameshafariki, jamaa hamna budi kwenda mahakamani mpate idhini ya mirathi, ndipo gari libadilishwe jina. Fanyeni hivyo kabla ya kutaja bei, maana mnunuzi mjanja akijua karatasi hazijakamilika atawarudisha kwenye bei ya kilo.