Sindano Nayo Iogopwe

Ukitaka kumtisha mtu wa kwetu Katoto, huku Kongo, mtajie kisu. Akisikia daktari amesema atapasuliwa, ukoo mzima utaitwa: wajomba watapigiwa simu Lubumbashi, mchungaji ataletwa kuomba, na mgonjwa ataulizwa mara kumi kama kweli hakuna njia nyingine. Sasa mtajie sindano. Hata kiti hatasogeza. Atauliza bei, atapandisha mkono wa shati, na kesho yake atakuwa anamwelekeza jirani kwa huyo aliyemchoma.

Imani hiyo, kwamba kisu ni jambo zito na sindano ni jambo jepesi, siku hizi imepanda hadi usoni. Simu zimetuletea picha za wanawake wa Dubai, Johannesburg na Kinshasa ambao makunyanzi ya paji la uso yamefutika, na mazungumzo ya saluni yamebadilika. Msusi anasuka, mteja anakunja paji mbele ya kioo na kusema: "Yaya, wengine wanapasuliwa kichwa. Mie nitachomwa sindano tu." Waliopo wanaitika. Mie siitiki.

Sisemi kisu ni salama. Nasema tunapima hatari kwa ukubwa wa chuma, na kipimo hicho ni kibovu. Kisu kina mlinzi, na mlinzi wake ni hofu yetu wenyewe. Hofu ndiyo inayotufanya tuulize daktari ni nani, amesomea wapi, damu ya akiba ipo au haipo, nani atalala na mgonjwa. Sindano tumeivua hofu, na maswali nayo yameondoka pamoja na hofu. Mwezi wa Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki baada ya kuondolewa mafuta mwilini katika kliniki moja ya urembo jijini Nairobi. Magazeti yaliandika, watu walipiga kelele, baraza linalosimamia madaktari wa Kenya likaifunga kliniki hiyo. Ndivyo kisu kinavyofuatiliwa. Lakini anayechomwa sindano nyumbani kwa mtu, nyuma ya pazia, akaondoka na jipu au homa ya ini, ataandikwa wapi? Atasema ni malaria.

Tuwe waadilifu kwa wazee wetu: hawakuipenda sindano kwa ujinga. Waliiona ikifanya kazi. Katika miaka ya 1950, mtoto aliyejaa vidonda vya buba alichomwa penisilini mara moja, na baada ya siku chache vidonda vilikauka mbele ya macho ya mama yake. Hapa Kongo, enzi za Wabelgiji, vijiji vizima vilipangwa foleni vichomwe dawa ya ugonjwa wa malale. Mzazi aliyeyaona hayo aliwafundisha watoto wake kwamba munganga asiyechoma sindano hajatibu, na somo hilo tumelirithi kama tulivyorithi majina.

Tatizo ni kwamba tumerithi nusu ya habari. Nusu ya pili iliandikwa hapahapa nchini mwetu. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa Kongo, wauguzi walikuwa wakipewa sindano tano kila asubuhi kwa ajili ya wagonjwa wote wa siku hiyo. Baina ya mgonjwa na mgonjwa, sindano ilisuuzwa kwa maji ya vuguvugu tu. Watu walikuja kwa homa, kwa maumivu ya mgongo, kwa ujauzito, wakachomwa, wakarudi nyumbani na Ebola. Kati ya wagonjwa 318 waliohesabiwa, walikufa 280. Hakuna kisu kilichofanya hayo.

Na msomaji mkali ataniuliza: Kikwit je? Ana haki. Mwaka 1995 katika hospitali kuu ya Kikwit, mfanyakazi mmoja wa maabara alipasuliwa tumbo, na waliokuwa wamekizunguka kitanda cha upasuaji wakaanza kuugua Ebola mmoja baada ya mwingine. Wagonjwa walifika 315. Kwa hiyo Yambuku ilikuwa sindano, Kikwit kilikuwa kisu, na virusi vilikuwa vilevile. Kilichoua pote ni mkono usiokingwa na chombo kisichotakaswa. Mwenye kudhani amekwepa hatari kwa kuchagua chuma chembamba hajajifunza lolote kutoka Yambuku.

Sasa turudi kwenye paji la uso, tuitazame hiyo sindano yenyewe. Kichupa cha Botox ukikishika mkononi utadhani umeuziwa kitu kitupu. Ndani hakuna maji wala unga wa kuonekana vizuri. Kuna utando mwembamba mweupe uliokaukia chini ya kioo. Utando huo una sumu inayotengenezwa na bakteria wa botulini, walewale wanaoua watu kupitia chakula cha kopo kilichoharibika, na ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana. Ikitumika kwa kipimo kidogo sana, na kwa mkono unaojua, ni dawa halali. Huko Vancouver, Kanada, mke na mume madaktari, Jean na Alastair Carruthers, walichapisha mwaka 1992 jinsi inavyolegeza misuli inayokunja uso. Marekani iliiruhusu kwa makunyanzi ya katikati ya nyusi mwaka 2002, na kwa mistari ya paji lenyewe mwaka 2017.

Lakini tazama masharti yake. Kichupa kitunzwe kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8. Kikishachanganywa na maji ya chumvi yaliyotakaswa, kitumike ndani ya saa 24. Hicho anachokitoa mchomaji kwenye mkoba wake mbele yako, kimesafiri vipi hadi kufika huku kwetu? Kilikaa siku ngapi kwenye joto la behewa, na umeme ulipokatika kililala wapi? Na kabla ya hapo, una hakika gani ndani kuna kile kilichoandikwa nje? Mwaka 2004, katika jimbo la Florida, daktari aliyekuwa amesimamishwa leseni alichoma watu sumu ya maabara isiyoruhusiwa kwa binadamu. Watu wanne walipooza mwili na kuwekwa kwenye mashine za kupumulia, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Mwaka 2023, zaidi ya watu 70, wengi wao wakiwa wamekwenda Istanbul kuchomwa sumu hiyohiyo tumboni ili wapungue unene, walipata ugonjwa wa botulini. Marekani na Uturuki zina maabara, mahakama na magari ya wagonjwa. Sisi tuna nini cha kutufanya tuwe wazembe kuwashinda?

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, na sijui methali inayoifaa biashara hii kuliko hiyo.

Uongo wa pili ni kwamba sindano na kisu ni njia mbili za kwenda mahali pamoja, moja ya mkato na moja ndefu. Siyo. Simama mbele ya kioo, inua nyusi. Mistari inayotokea ukiinua na kupotea ukizishusha ni kazi ya msuli, na hapo sumu ya botulini inaweza kusaidia: inaulegeza msuli ndani ya siku chache, na nguvu yake inaisha baada ya miezi mitatu au minne. Mistari inayobaki hata uso umetulia imeshachongwa kwenye ngozi, na sindano itaipunguza tu, haitaifuta. Na kama tatizo lako ni nyusi zilizoshuka hadi kuyalemea macho, hiyo ni kazi ya mpasuaji, anayezipandisha kwa kukata nyuma ya mstari wa nywele: ama mkato mmoja mrefu juu ya kichwa, ama matundu machache madogo yanayopitishwa kamera.

Hapa ndipo sindano "ndogo" inapoonyesha meno. Msuli wa paji ndio unaozishikilia nyusi zisianguke. Mtu ambaye nyusi zake zimeshaanza kushuka, akichomwa na asiyejua, msuli ule unalegea na nyusi zinaporomoka zaidi. Dawa ikiteleza ikafika kwenye kope, jicho linajifunga nusu. Hakuna kidonge cha kuifuta. Unangoja wiki na wiki mpaka iishe yenyewe. Basi uamuzi wa kumchoma au kutomchoma ni uamuzi wa daktari aliyesoma misuli ya uso, sawasawa na uamuzi wa kumpasua.

Wengine watachomwa dawa nyingine kabisa, ile ya kujaza mikunjo, wakidhani ni ndugu wa Botox. Katikati ya nyusi mishipa ya damu imeungana na ile inayolilisha jicho. Dawa hiyo ikiingia kwenye mshipa inaweza kuziba damu ya jicho, na mtu akaamka kitini haoni. Botox ikikosewa utangoja miezi. Upofu hauna miezi ya kungoja.

Nakubali upasuaji una gharama zake kwa ngozi yetu. Sisi weusi tunaota makovu yanayovimba na kusambaa kuliko weupe, kuna hatari ya dawa ya usingizi, kuna ganzi ya kichwa na nywele zinazokatika kwenye kovu. Zaidi ya hayo, ngozi iliyopakwa kwa miaka krimu za kuchubua zenye steroidi kali kama klobetasoli huwa nyembamba na hupona kwa shida. Mpasuaji mwaminifu atamkataa mteja wa namna hiyo, au atamwambia aache krimu kwanza. Ninachouliza ni hiki: mchomaji wa nyuma ya pazia amewahi kumkataa nani?

Kinachochekesha, kama kingekuwa cha kuchekwa, ni kwamba wengi wanaoililia sindano ya makunyanzi ndio haohao wanaochubua. Melanini yetu ni kinga ya jua tuliyopewa bure, na ndiyo inayoyachelewesha makunyanzi kwa miaka mingi tukilinganishwa na Wazungu. Mtu anaivua kwa krimu ya haidrokwinoni au zebaki, jua linampiga, ngozi inazeeka, kisha anatafuta pesa za kununua sumu ya kurekebisha. Na wauzaji wameshamwandalia sindano ya tatu, ile ya glutathioni ya kuwa mweupe, ambayo mamlaka ya dawa ya Ufilipino ilitoa onyo juu yake mwaka 2011 na ya Marekani mwaka 2015. Ni mnyororo wa sindano, moja ikivuta nyingine. Hata bei ya Botox ni hadaa: dawa inayoisha kila miezi mitatu au minne ni sindano tatu au nne kwa mwaka, na katika miaka kumi ni thelathini hadi arobaini. Huo si urahisi, ni kodi ya uso.

Kuna atakayesema haya ni mambo ya matajiri, Katoto ina malaria na njaa, mwandishi amekosa cha kuandika. Namjibu kwa malaria hiyohiyo. Katika wilaya ya Kumi, mashariki mwa Uganda, wamepatikana watoto wengi wasioweza kuchuchumaa wala kukaa vizuri darasani, kwa sababu nyama ya matako imekakamaa na kuwa kovu. Kilichohusishwa na ulemavu huo ni sindano walizochomwa makalioni walipokuwa wadogo, kwinini ikiwa ya kwanza. Wengine, sindano iligusa mshipa wa fahamu, mguu ukalemaa. Wengi wa watoto wenye malaria isiyo kali wangetosheka na vidonge. Lakini mama alitaka sindano, na muuguzi alitaka mama aridhike. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2000 pekee sindano zisizo salama ziliambukiza homa ya ini aina ya B kwa watu milioni 21 na virusi vya Ukimwi kwa watu 260,000. Hawa hawakuwa matajiri wa Dubai. Imani inayomharibu tajiri usoni ni ileile inayomlemaza mtoto wa maskini makalioni, na ukiing'oa kwa mmoja umemwokoa na mwingine.

Kwa hiyo sitakuambia chagua kisu wala chagua sindano. Makunyanzi si ugonjwa. Kofia, mwavuli na kutupa krimu ya kuchubua vitakufaa zaidi ya vyote viwili, na kwa bei ndogo. Ukiamua hata hivyo, basi itendee sindano kama unavyokitendea kisu. Waite wajomba. Muulize anayekuchoma yeye ni daktari wa nini, na cheti chake kiko wapi. Mwambie akuonyeshe kichupa kilichofungwa na friji kilimotoka, na afungue sindano mpya mbele ya macho yako. Muulize atafanya nini jicho likifunga au likipoteza nuru leo usiku, na utampata wapi. Mpasuaji huulizwa hayo yote na hakasiriki. Mchomaji akikasirika, au akicheka na kusema ni sindano tu, umeshapata jibu: muage kwa heshima, uende nyumbani na makunyanzi yako.