Mimi ningechukua hiyo dhahabu

Kitabu hiki nilikisoma kwa sababu kuna mtu alinilipa nikisome. Mwanafunzi fulani huko Marekani alitaka insha ya kurasa sita kuhusu riwaya ya The Spy ya James Fenimore Cooper, na mimi, kijana wa Kahawa West niliyeacha chuo mwaka wa pili, ndiye niliyepewa kazi na broka. Usishangae. Kama unaishi Nairobi na hujawahi kumwandikia mwanafunzi wa majuu insha, basi unayeishi naye chumba kimoja amewahi. Nilianza saa sita usiku nikitarajia usingizi. Kulipokucha nilikuwa bado macho.

Cooper alitoa The Spy mwaka wa 1821. Kabla yake alikuwa ameandika riwaya moja tu, na hiyo ilizaliwa na ubishi wa nyumbani: alisoma kitabu cha Mwingereza, akakiona ovyo, akamwambia mkewe kwamba yeye anaweza kuandika bora kuliko hicho. Mkewe akamwambia, haya, andika basi. Halafu jamaa alikuwa amefukuzwa chuo cha Yale akiwa bado kijana mdogo. Mimi sikufukuzwa, karo ndiyo iliyonitoa, lakini ukweli usemwe, hapo nilimpenda kidogo.

Hadithi yenyewe iko Westchester, kaskazini mwa jiji la New York, mwaka wa 1780. Waingereza wameshika jiji. Jeshi la George Washington liko upande wa juu, milimani. Katikati ni eneo ambalo si la huyu wala la yule, na usiku ukiingia hakuna serikali. Kuna genge linaitwa Cowboys, linalojidai ni la mfalme. Kuna lingine linaitwa Skinners, linalojidai linapigania uhuru. Kazi yao wote ni moja: kuibia watu.

Ndani ya vurugu hiyo anatembea Harvey Birch, mchuuzi maskini mwenye furushi mgongoni, anayepita nyumba kwa nyumba akiuza vitambaa na vikorokoro. Kila mtu anajua ni jasusi wa Waingereza. Wamarekani wanamwinda wamnyonge. Skinners wanamwibia akiba yake na kuchoma nyumba yake, wakati babake ametoka tu kufariki. Na huyu Birch, wasee, ni mtu wa Washington mwenyewe. Washington peke yake ndiye anayejua, na katika kitabu anaingia kwa jina bandia la Harper, mzee mpole anayeomba hifadhi ya mvua.

Kuna mahali Birch anashikwa na askari wa upande wake mwenyewe na kuhukumiwa kitanzi. Ana karatasi ya Washington ambayo ingemwokoa palepale. Anaitoa, anaiangalia, halafu anaimeza. Hapo niliweka simu chini kwanza.

Mwishoni Washington anamwita faraghani na kumpa mfuko wa dhahabu. Anamwambia pia kwamba lazima aende kaburini akijulikana kama msaliti, maana akitajwa, wengine watakufa. Birch anakubali jina baya na anakataa pesa. Nchi ni maskini, anasema, inazihitaji zaidi. Miaka 33 baadaye, vita vingine vikiendelea kule Niagara, anakufa mzee asiye na kitu, na mkononi ana kibati chenye barua ya Washington inayomtambua. Cooper anasimulia kwamba mchapishaji wake aliogopa kitabu kitakuwa kirefu mno, kwa hiyo yeye akaandika sura ya mwisho na ikachapwa wiki kadhaa kabla ya sura zinazoitangulia kuandikwa. Maana yake, hata kabla ya kujua hadithi itapitia wapi, alishajua maskini wake atakufa bila senti.

Hapo ndipo mimi na Cooper tunaachana.

Mwaka wa 1780 huohuo, na Westchester hiyohiyo, wanamgambo watatu walimkamata Meja John André, Mwingereza aliyekuwa akirudi na siri za ngome ya West Point kwenye soksi. Alinyongwa. Wale watatu walipewa nishani ya fedha na pensheni ya dola 200 kwa mwaka. Mwaka wa 1817, mmoja wao, John Paulding, aliomba aongezwe. Bungeni akasimama Benjamin Tallmadge, aliyekuwa mkubwa wa majasusi wa Washington wakati wa vita, akawaita wezi ambao wangemwachilia André kama angekuwa na pesa za kutosha. Miaka minne baadaye Cooper anatoa riwaya ambayo maskini anayetaka pesa ni Skinner, jambazi, na maskini mzuri ni yule anayezirudisha. Sidhani ni bahati nasibu.

Na ni nani anayetuhubiria hivyo? Mtoto wa tajiri wa mashamba, babake ndiye aliyeanzisha mji wa Cooperstown. Wakati anaandika, mali ya ukoo ilikuwa imezama kwenye madeni, na yeye mwenyewe alikuwa anahitaji kitabu kiuzwe. Simlaumu hata kidogo. Ila angemwachia Birch haki hiyohiyo. Enoch Crosby, fundi viatu ambaye wengi wanaamini ndiye Birch wa kweli, alipeleka ombi la pensheni mwaka wa 1832, kama mtu yeyote mwenye akili timamu. Alifanya kazi, akadai chake.

Kuna mwingine ambaye hata hafikiriwi. Caesar ni mtumwa mweusi wa familia ya Wharton, na Cooper amemweka pale tuchekeshwe naye. Kijana wa nyumba hiyo anapongoja kunyongwa, anatoroka akiwa amevaa nguo za Caesar na kinyago cheusi usoni, huku Caesar amebaki rumande badala yake. Fikiria angekumbwa na nini. Kitabu kizima kinaimba uhuru na hakuna anayemletea huyu mzee mfuko wowote ili naye apate nafasi ya kuukataa.

Yote haya niliyaandika kwenye ile insha. Broka akanirudishia: punguza hasira, mteja anataka maudhui ya uzalendo. Nikapunguza. Nikaandika kwamba kukataa dhahabu ni kilele cha uzalendo, nikalipwa dola 12, na mtu nisiyemjua akapata alama nzuri.

Lakini ile karatasi aliyoimeza bado sijaimaliza. Ya dhahabu naona ni ndoto ya mwenye mali. Ya karatasi ni tofauti, kwa sababu pale hakuna mtu aliyekuwa anamwangalia Birch ili amsifu.

Kisomeni. Ni cha zamani, kinapatikana bure mtandaoni, Kiingereza chake ni kizito kama ugali wa jana lakini baada ya sura tatu unazoea. Na mhariri, hii nimeiandika kwa jina langu. Namba yangu ya M-Pesa unayo.