Honi Iliyonyamaza Njiani Bahi

Gari la msikiti wetu hapa Dodoma, lile Noah linalobeba watoto wa madrasa, liliishiwa sauti ya honi njiani kuelekea Bahi, mahali ambapo ng'ombe hukatiza barabara bila kumuuliza mtu. Fyuzi tuliikuta nzima, rilei nzima. Lakini taa ya mfuko wa hewa nayo ilikuwa ikiwaka. Tukafahamu kuwa utepe wa nyaya unaojikunja nyuma ya usukani umekatika, kwani ndio unaounganisha honi na mfuko huo pia.

Fundi akashika spana. Tukamzuia, naye akanuna kidogo. Mfuko ule hufumuka kwa kishindo cha baruti; hauguswi kabla ya kuchomoa waya hasi wa betri na kusubiri dakika kadhaa. Kisha magurudumu hunyooshwa, usukani hutiwa alama, na nati ya katikati hulegezwa tu, isitolewe yote, maana usukani ukichomoka ghafla huvunja pua. Utepe mpya nao usipowekwa katikati barabara, hukatika kwenye kona ya mwanzo.

Mzee mmoja wa kamati aliuliza kama honi ina thamani ya fedha zile. Tulimsomea majina ya watoto. Akataka risiti, kama kawaida yake.