Kifafa cha mishituko: si kila dawa inafaa

Kuna vijana ambao asubuhi, wakiamka tu, mikono inashituka bila wao kutaka na kikombe cha chai kinaanguka. Majirani wanasema ni uchawi. Mara nyingi ni aina moja ya kifafa, na iko na dawa: valproati, wengi wanaijua kwa jina la Dépakine, inatuliza sana mishituko hiyo.

Shida ni pale inakosekana. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwezi wa kwanza 2025, na kufikisha dawa kukakuwa kazi ngumu. Karatasi ikiandikwa tu "kifafa", famasi inaweza kukupa karbamazepini. Na yo ni dawa ya kifafa, kweli, lakini mishituko ya namna hii inaweza kuizidisha! Basi muombe muganga aandike aina ya kifafa.

Kuacha dawa ghafla ni hatari zaidi: degedege linaweza kurudi na kukataa kukoma. Ukibakia na vidonge vya wiki mbili, rudi kituoni.

Kwa mama na wasichana, valproati inaweza kuumiza mtoto tumboni. Ongea na muganga mbele ya kubeba mimba, usiiache peke yako.