Ukurasa wa Kwanza Uandikwe kwa Ajili Yetu



Jumapili nne mfululizo tumekutana hapa Nyakabiga kwa ajili ya jambo ambalo wengine wataliona dogo: karatasi ya maelezo. Sisi hatulioni dogo.

Mtaa wetu uko jirani na kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi, na wanafunzi wengi hupanga vyumba kwetu. Wachache kati yao walijitolea kututengenezea programu ya simu ya kuandika michango ya mfuko wetu wa kusaidiana, ule wa misiba na magonjwa. Daftari la zamani lilikuwa limekwisha kulowa mvua mara mbili. Tuliwashukuru, na mpaka leo programu yenyewe hatuna neno juu yake. Taabu ilikuwa katika karatasi zilizokuja nayo.

Zilikuwa kurasa kumi na moja. Ya kwanza ilitaja lugha ya kompyuta iliyotumika, ya pili ilihesabu matoleo na marekebisho yake. Mama mmoja anayechagua kahawa kiwandani alisikiliza zikisomwa hadi ya tatu, akauliza: "Mwanangu, kitu hiki kitaniambia deni langu ni faranga ngapi, au hakitaniambia?" Kijana akajibu, "Kitakuambia, mama." "Basi mbona hakijasema?"

Mbele zaidi paliandikwa: "Ingiza vitambulisho vyako halali." Mzee wetu mmoja, mlinzi wa zamu ya usiku, aliinuka akaenda nyumbani kuleta kitambulisho chake cha uraia. Tulicheka, naye akacheka, lakini kosa halikuwa lake. Kilichotakiwa ni namba ya simu na namba ya siri. Kwa nini kisiandikwe hivyo?

Kicheko kiliishia hapo. Mwenzetu mwingine alibonyeza neno "Changia" miezi miwili, akiamini kwamba fedha imetoka katika simu yake na kufika mfukoni. Programu ile haitumi fedha. Inaandika ahadi tu, na ahadi inangoja mweka hazina apokee fedha mkononi. Mtoto wake alipolazwa, jina lake lilikutwa na deni, na kwa kanuni zetu mwenye deni hasaidiwi. Alisaidiwa mwishowe, baada ya ugomvi uliotuweka macho usiku kucha na maneno ambayo hayatasahaulika upesi. Mstari mmoja tu katika ukurasa wa kwanza ungetosha kuyazuia yote hayo.

Mafundi wa kompyuta wanalijua jambo hili wenyewe. Tangu miaka ya 1970 wana desturi ya kuweka pamoja na programu zao faili liitwalo README, yaani "Nisome", ili mgeni aanzie hapo. Desturi njema, lakini mara nyingi fundi humwandikia fundi mwenzake. Aliyekaa miaka mingi kwenye mashine ya kufuma nguo hazisikii tena kelele zake. Vivyo hivyo aliyeitengeneza programu haoni tena mahali mgeni anapojikwaa.

Wala tusiambiwe kwamba Kiswahili hakitoshi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kuandika barua na kupiga hesabu zenye maneno ya Kiswahili. Maneno yapo. Lakini kutafsiri maneno ni kazi moja, na kumshika mgeni mkono ni kazi nyingine. Hao vijana wetu nao walitafsiri. Ndiyo maana mzee alikwenda kutafuta kitambulisho.

Tulichofanya ni hiki. Tulimpa karatasi mtu ambaye hajaiona programu kamwe, tukamkalisha na simu, na kijana aliyeitengeneza akaamriwa akae kando, afunge mdomo, aandike kila mahali kidole kinaposita. (Kufunga mdomo kulimshinda mara mbili.) Jumapili ya nne tulibaki na ukurasa mmoja. Unaanza hivi: "Programu hii inakuonyesha umechanga kiasi gani na unadaiwa kiasi gani. Haitumi fedha. Fedha mpe mweka hazina, kisha tazama: jina lako likiwa na alama ya kijani, amepokea." Habari za lugha ya kompyuta zimewekwa mwisho, kwa ajili ya fundi atakayezihitaji.

Wako wanaosema: mfanyakazi asiyeelewa na amwulize karani. Je, karani akiwa hayupo? Na ikiwa ugomvi wenyewe ni juu ya kile alichoandika karani? Popote mwajiri anapoleta programu ya kuandika kilo za majani ya chai au saa za zamu, asiyejua kuisoma hana njia ya kubishana na kapita juu ya mshahara wake mwenyewe. Mkataba namba 170 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unataka kemikali za hatari zitiwe lebo ambazo mfanyakazi atazifahamu kwa urahisi. Sisi tunadai adabu hiyo hiyo kwa kitu kinachohesabu jasho letu. Wajumbe wa chama wasikubali programu kazini kabla ya kuona ukurasa wake wa kwanza, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, uliokwisha kujaribiwa na mchumaji au mpakiaji, si na ofisi.

Kazi hii inakula muda, na wale vijana hawalipwi. Tumekubaliana kuwa mfuko utalipia karatasi na chakula cha Jumapili.

Bado tunabishana juu ya neno "kusawazisha", ambalo kijana hataki kuliondoa. Mama wa kahawa anasema kwake neno hilo ni la ardhi kabla ya kujenga. Jumapili ijayo tutamkalisha mtu mwingine na simu, tuone kidole kitasita wapi.