SINDANO HAZINYOOSHI MGONGO

Nyumbani kwetu kuna ndama jike mwenye doa jeupe kipajini, na kwa muda wa wiki tatu sasa ndama huyo amekuwa chanzo cha mabishano kila tunapoketi kula. Nyanya anataka auzwe. Pesa zikipatikana, aende akadungwe sindano za mgongo kwa bwana mmoja aliyekodi chumba karibu na kituo cha matatu, ambaye anasema ziara kumi zitatosha kumnyoosha awe wima kama mlingoti. Kila ziara ni shilingi 1,500. Piga hesabu mwenyewe. Ami anaunga mkono. Mama kanyamaza. Mimi wa kidato cha nne, ambaye hata sikuulizwa, nilipinga nikaambiwa nina domo. Basi kwa vile pale mezani sina kura, nimeona nilete neno langu hapa kwenye jarida la chama chetu. Huenda nawe una nyanya.

Kabla hujanihukumu, elewa kwamba mimi sichukii sindano. Nimedungwa. Wale tuliokuwa pamoja kidato cha pili mnakumbuka mlivyokuwa mkiniita Kobe, kwa sababu kichwa kilitangulia mbele na mabega yakafuata baadaye. Dawati langu lilikuwa fupi, mimi mrefu, na usiku nilisoma kitandani kwa tochi huku nimejikunja kama jongoo. Ikafika siku ambapo sikuweza kugeuza shingo kutazama ubao. Shangazi akanipeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia mjini Nakuru, mama mmoja mpole mwenye vidole vya chuma. Alinipapasa bega mpaka akafikia mahali palipokuwa na fundo, akabonyeza, nami nikaruka. Akatoa sindano nyembamba ajabu, nyembamba kuliko ile ya chanjo, haina tundu wala dawa ndani yake. Ndiyo maana inaitwa sindano kavu. Alipoichoma kwenye lile fundo, msuli ulishtuka wenyewe kama samaki aliyetolewa majini. Lo! Sikulia, lakini karibu.

Kesho yake bega liliuma kama lililopigwa rungu. Kesho kutwa nikageuza shingo kulia na kushoto bila taabu, nikajiona mtu mpya. Nilijitangaza bweni zima kwamba nimepona. Yule mama alikuwa amenipa mazoezi ya kufanya kila asubuhi: kuvuta mabega nyuma, kurudisha kidevu, kusimama ukutani. Nani alikuwa na wakati? Baada ya wiki mbili Kobe alirudi katika gamba lake, na shingo ikarudi kuuma palepale.

Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza sindano ile ilifanya nini hasa, nami nikamsumbua mwalimu wetu wa biolojia mpaka akachoka. Kumbe historia yake si ndefu. Wachina wamechoma sindano miilini kwa maelfu ya miaka, na tiba yao ya akupancha inajulikana duniani kote. Sindano kavu ya fiziotherapia inatumia chombo hichohicho lakini kwa fikira nyingine. Huko Marekani alikuwako daktari aitwaye Janet Travell, aliyechora ramani ya mafundo ya misuli na kuonyesha kwamba fundo la begani laweza kukuumiza kichwa. Mwaka 1961 alifanywa daktari wa Rais John F. Kennedy, ambaye mgongo ulimtesa maisha yake yote, na mwanamke alikuwa hajawahi kushika kazi hiyo kabla yake. Yeye alidunga mafundo kwa sindano zenye dawa ya ganzi. Mnamo 1979 daktari Mcheki, Karel Lewit, aliandika kwamba nafuu hiyo hupatikana hata bila dawa, mradi sindano ipate mahali penyewe. Mwaka 1983 Travell na mwenzake David Simons wakatoa kitabu kikubwa kuhusu mafundo hayo.

Sasa tazama vizuri. Watu wote hao walikuwa wakitafuta kutuliza maumivu. Na hata majaribio ya siku hizi, yakikusanywa pamoja, yanaonyesha kwamba maumivu ya shingo na mabega hupungua kwa muda, siku au wiki kadhaa, lakini ushahidi wa kwamba nafuu hiyo hudumu ni mdogo. Ushahidi kwamba sindano pekee yanyoosha mkao wa mtu ni haba zaidi. Inaweza kufungua mlango tu, maumivu yakapungua ukaweza kufanya mazoezi yako. Kama huyafanyi, umelipia mlango na hukuingia ndani. Mimi ni shahidi.

Turudi kwa nyanya. Yeye alikuja Bahati akiwa msichana, miaka ile ya baada ya uhuru mashamba ya walowezi yalipogawanywa. Amebeba maji, amebeba kuni kutoka upande wa msituni, amebeba viazi, vyote mgongoni kwa ule ukanda wa kipajini tunaouita mukwa. Ukimtazama karibu utaona bonde juu ya nyusi zake pale ukanda ulipokaa. Mwaka 1986 wanasayansi waliandika katika jarida la Nature habari za akina mama Waluo wanaobeba mizigo kichwani na Wakikuyu wanaoibeba kwa ukanda kama huo. Waligundua kwamba waliozoea wanaweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili wao bila kutumia nguvu zaidi ya mtu asiyebeba kitu. Wazungu walistaajabu. Lakini mama wa kilo 60, asilimia 20 yake ni kilo 12. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20 kabla hujaweka mtoto kifuani. Na wanasayansi haohao walisema kwamba mizigo inayofika asilimia 70 si jambo la ajabu huku kwetu. Hiyo ya ziada nani aliilipa? Sina budi kusema: siku hizi boda boda huleta maji mpaka mlangoni, lakini kwa mgongo wa nyanya zilichelewa.

Hata hivyo sitaki kuulaumu mukwa peke yake, kwa sababu nyanya hakuwa na kibiongo hiki miaka mitano iliyopita. Kimekuja upesi. Mwalimu alinieleza kwamba wanawake wakishazeeka, mifupa yao yaweza kupungua ugumu na kujaa vitundu kama mkate, na pingili za uti wa mgongo zikabonyea, pengine kwa kuinua ndoo tu. Sindano itakayoingia msulini itanyooshaje pingili iliyobonyea? Ni kupiga rangi nyumba ambayo nguzo imevunjika. Tena kuna jambo la kuogofya zaidi. Kifua kikuu hakikai mapafuni tu. Huweza kuingia kwenye uti wa mgongo, kikala mfupa polepole, na dalili yake ni huo mgongo unaouma na kupinda. Kikigunduliwa mapema kinatibiwa kwa vidonge, na vidonge vya kifua kikuu katika hospitali za umma hutolewa bure. Kikichelewa, mtu aweza kupooza miguu. Je, ziara kumi za sindano zingetuchukulia miezi mingapi tukiwa tumekaa tukingoja mlingoti?

Nilimuuliza ami, "Huyo bwana alimpima Shosho kwa picha ya eksirei?"

Akajibu, "Wewe umesoma sana. Mtu akiona mgongo umepinda anahitaji picha ya nini?"

Nikauliza kama ana cheti. Ami akasema ana koti jeupe.

Koti jeupe hata muuza nyama anavaa! Hapa nchini tuna Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia ya mwaka 2014, iliyoanzisha baraza la kuwasajili, na mtu yeyote ana haki ya kumwomba anayemdunga amwonyeshe leseni yake ya mwaka huu. Si ukorofi. Manamba akikudai nauli mara mbili unateta, kwa nini unyamaze mbele ya mtu mwenye sindano? Maana sindano hii nyembamba si mchezo. Ikichomwa vibaya pale begani au mgongoni juu, ncha yake yaweza kufika pafu, hewa ikaingia kati ya pafu na kifua, pafu likasinyaa, mgonjwa akahema kama aliyepanda Menengai mbio. Si jambo la kila siku, lakini limewahi kutokea, tena mikononi mwa waliosomea. Na sindano ikitumiwa kwa mtu huyu kisha yule, magonjwa ya damu yanasafiri bila nauli. Yule mama wa Nakuru alifungua pakiti mpya mbele ya macho yangu na baadaye akaitupa sindano kwenye kisanduku cha manjano. Nyanya asema kwa huyu bwana sindano hukaa ndani ya kikombe.

Kikombe, ndugu msomaji.

Nalijua neno moja watakalonijibu wenzangu: kwamba wazee wana haki ya kutumia mali yao wapendavyo. Ni kweli. Ndama ni wa nyanya, alimnunua kwa pesa zake za viazi. Wala simcheki kwa kutamani kusimama wima. Aliniambia juzi jioni, tukichambua maharagwe, kwamba kinachomuuma zaidi ni kanisani, wenzake wakisimama kuimba yeye huona visigino tu. Nilikosa la kusema. Ndiyo sababu sikubali tumaini hilo liuzwe kwa bei ya ndama na mtu asiyejua hata mgongo huo una nini. Ndama huyo akizaa, maziwa yake ndiyo karo ya mdogo wangu.

Na ninyi wenzangu mnaosoma haya mmejikunja kitandani kwa tochi, nawaona. Dawati fupi likunjie daftari kwenye vitabu viwili uliinue, inuka kila kipindi kikiisha, tembea hata mpaka mferejini. Mwili haupendi kukaa namna moja, hata iwe namna nzuri. Mimi nilianza yale mazoezi ya ukutani muhula uliopita, miaka miwili baada ya kuambiwa, na jina la Kobe sasa limehamia kwa mwingine.

Jumamosi hii tutapanda matatu ya saa moja asubuhi kwenda hospitali kuu Nakuru. Ami amekubali kutoa nauli na pesa za picha, kwa sharti kwamba daktari akisema sindano zafaa, ndama anauzwa na mimi nafunga domo langu. Nimekubali. Nyanya tayari ameshafua shali yake ya kwendea mjini, na ndama bado amefungwa nyuma ya jikoni.