Tunamlaumu Mwamuzi, Ushahidi Tunao Sisi

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mbora wa wenye kuhukumu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote wenye kufuata mwenendo wao hadi siku ya malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, huenda baadhi yenu mkashangaa kuona ukurasa huu wa Ijumaa unazungumzia mpira wa miguu. Hatukusudii kurudia mjadala wa hukumu ya mchezo wenyewe, kwani hilo limekwisha semwa na wanachuoni, na vijana wetu wanalijua kuliko wanavyojifanya. Tunachokusudia ni yale yanayotoka katika ndimi zetu pale mwamuzi anapopuliza filimbi tusiyoipenda, au anapoacha kuipuliza tulipoitaka. Jambo hili limeingia majumbani mwetu. Baba anatukana mbele ya watoto, ndugu wa tumbo moja wanakwenda siku tatu bila kusalimiana, na mtoto wa miaka saba anajua kusema "refa kahongwa" kabla hajaijua vyema Suratul Fatiha.

Tuanze na usiku ambao wengi wenu hamjausahau. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 5 Aprili 2024, tukiwa katika kumi la mwisho la Ramadhani ya mwaka 1445 Hijria. Yanga walikuwa Pretoria, Afrika Kusini, wakirudiana na Mamelodi Sundowns katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, baada ya kutoka sare ya bila kufungana jijini Dar es Salaam. Sisi siku ile tulikuwa Masasi mjini, tumealikwa kufuturu. Safu za tarawehe zilikuwa na mapengo, na kila aliyeuliza wamekwenda wapi alioneshwa kwa kidole mabanda ya video. Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki akapiga shuti, mpira ukagonga mwamba, ukadunda chini na kutoka. Picha za marudio ziliwaonesha wengi kuwa mpira ulikwisha kuvuka mstari. Mwamuzi Dahane Beida wa Mauritania hakutoa goli. Waliokuwa kwenye chumba cha VAR waliangalia, naye hakwenda kujitazamia mwenyewe kwenye runinga ya pembeni ya uwanja. Mchezo ukaisha bila goli, na Sundowns wakashinda kwa penalti 3 kwa 2.

Kilio cha usiku ule kilikuwa na haki ndani yake, na hatuoni aibu kulisema hilo. Mtu aliyeona kwa macho yake hawezi kuamriwa aseme hakuona. Sheria ya mpira inataka mpira wote uvuke mstari wote, na jambo kama hilo lilistahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwani watu wa nchi nzima walikuwa wanasubiri. Hata mashabiki wa Simba waliotuzunguka walikiri hivyo, na wasomaji wetu wanajua uzito wa shabiki wa Simba kumsemea Yanga!

Lakini hatukuishia hapo. Kabla watu hawajafika majumbani, neno "amekosea" lilikuwa limekwisha kugeuka kuwa "amehongwa", na walipokutana kula daku ilikuwa imekwisha kutajwa hata kiasi cha fedha. Nani aliiona fedha hiyo? Nani aliihesabu? Hakuna. Kati ya maneno hayo mawili pana masafa makubwa mbele ya Allah (S.W.). La kwanza ni ushahidi wa jicho. La pili ni tuhuma juu ya heshima ya mtu, nayo haina jicho wala sikio lililoishuhudia. Suratul Hujuraat imetuonya kwa pamoja juu ya habari isiyochunguzwa na juu ya dhana mbaya, katika aya ya 6 na aya ya 12. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mfungaji asiyeacha kauli ya uongo, Allah hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji. Basi tulifunga mchana, na usiku tukamla nyama mtu wa Mauritania.

Asitokee mtu kusema kwamba tunawatetea waamuzi wala rushwa. Rushwa katika mpira ipo, na haikufichuliwa kwa makelele ya mabandani. Novemba 2016 mwamuzi Joseph Lamptey wa Ghana aliwapa Afrika Kusini penalti dhidi ya Senegal, akidai beki Kalidou Koulibaly ameunawa mpira, ilhali mpira ulimgonga gotini. Jambo lile lilichunguzwa, na mienendo isiyo ya kawaida ya dau za kamari ikawa sehemu ya ushahidi. FIFA ikamfungia maisha mwaka 2017, mchezo ukarudiwa Novemba mwaka huo huo, na Senegal wakashinda 2 kwa 0. Hapa kwa majirani zetu, mshika kibendera Aden Marwa wa Kenya aliikosa Kombe la Dunia la mwaka 2018 kule Urusi baada ya kunaswa na kamera akipokea dola 600. Hao walishikwa kwa ushahidi, na mmoja wao alipata nafasi ya kukata rufaa kabla ya adhabu kuthibitishwa. Ndivyo haki inavyofanya kazi, polepole na kwa taabu, na ndiyo maana watu wasio na subira hawaipendi.

Kwa kuwa tumetaja kamari, na tuseme ukweli ulio mchungu. Si kila anayemlaani refa anaililia timu yake. Wengi wa vijana wetu, na siku hizi hata wazee wenye mvi, wanaililia mikeka yao iliyochanika. Mtu ameweka fedha ya mauzo ya korosho kwenye simu, goli likakataliwa, basi hasira yake anaiita kupenda haki. Maysir imeharamishwa katika Suratul Maidah, aya ya 90, na haihalaliki kwa kuwa refa alikuwa dhalimu. Hili halihitaji maneno mengi.

Sasa tutoke Pretoria turudi nyumbani, juu ya uwanda huu wa Makonde, kwa sababu yaliyotutokea Newala ndiyo yaliyotusukuma kuandika.

Desemba 2024, minada ya korosho ikielekea ukingoni na fedha zikiwa bado zimo mikononi mwa watu, vijana wa kijiji chetu waliandaa mashindano ya kugombea mbuzi. Fainali iliwakutanisha na timu iliyopanda kutoka Masasi. Wageni wale wengi wao walikuwa Wakristo, kwani Masasi ni mji wa misheni tangu mwaka 1876, na sisi na wao tumechanganyika kwa ndoa na mashamba kwa muda mrefu. Mwamuzi alikuwa kijana wetu aliyesoma madrasa kwetu, mwenye adabu, anayejifunza kazi hiyo. Wazee tulitandikiwa jamvi chini ya mkorosho, hatua chache kutoka goli la wageni.

Zilipobaki dakika chache, mpira ulipigwa juu, vijana wakaruka, na mmoja wa wajukuu zetu akausukumia golini kwa mkono. Tuliuona mkono ule kama tunavyoiona kalamu hii. Mwamuzi alikuwa mbali, amezibwa na migongo ya wachezaji. Akaweka mpira kati. Wageni wakamzunguka. Nahodha wao akawatuliza wenzake, akaja mpaka kwenye jamvi letu, akainama.

"Shikamoo shehe. Wewe ulikuwa hapa hapa. Umeona mkono au hukuona?"

Tukamjibu, "Marahaba. Mwamuzi ameshaamua, mwanangu."

Jibu hilo ni sahihi kwa sheria ya mpira, kwani uamuzi wa refa ndio wa mwisho. Katika Suratun Nisaa, aya ya 135, Allah (S.W.) anawataka walioamini wasimamishe uadilifu na wawe mashahidi kwa ajili Yake, hata ikiwa ni dhidi ya nafsi zao, wazazi wao au jamaa zao. Tena mwisho wa aya hiyo wameonywa wale wanaoupinda ushahidi pamoja na wale wanaoukwepa. Aya hiyo tumeifundisha kwa zaidi ya miaka ishirini. Sisi siku ile hatukusema uongo. Tulikwepa.

Haukupita muda jiwe likatoka katika umati, likampata kijana wetu mwamuzi juu ya jicho. Watu wa kwetu wakapiga kelele kwamba ni wageni. Hakuna aliyeuona mkono uliolitupa, lakini kwa vile wageni ndio waliodhulumiwa, hatia ya jiwe nayo wakabebeshwa wao. Wakaondoka bila kupeana mikono. Usiku mbuzi akachinjwa, nasi tukaletewa sahani nyumbani. Tulikula.

Asubuhi yake baada ya swala ya alfajiri, kijana akaja, kitambaa kimefungwa usoni, filimbi bado ipo shingoni. Tulidhani amekuja kulalamika. Akasema, "Shehe, wameniita mla rushwa. Sikuhongwa wallahi. Lakini kamati ya kwetu ilinipa shilingi 5,000 ya nauli kabla ya mchezo, na wageni hawakunipa kitu. Je, ile ni haramu?"

Tukamsimulia habari ya Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka, akarudi akisema hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa mimi. Mtume (S.A.W.) akapanda mimbari, akauliza kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake angeletewa zawadi hiyo. Kijana akasikiliza mpaka mwisho, akaaga, na kabla ya adhuhuri tukasikia ameirudisha fedha yote kwa kamati. Alikuwa amekosea goli kwa kuwa hakuona, na hakimu aliyejitahidi akakosea hakosi ujira kwa Mola wake. Sisi tuliona.

Hapo ndipo hadithi ya Mama Ummu Salama (R.A.) ilipotukaa kifuani. Mtume (S.A.W.) aliwaambia watu kwamba yeye ni mwanadamu, wanamletea kesi zao, na huenda mmoja akawa fundi wa kujieleza kuliko mwenzake, naye akahukumu kwa anachokisikia, basi atakayepewa haki ya nduguye kwa hukumu hiyo asiichukue, kwani anakatiwa kipande cha moto. Ikiwa hukumu ya Mtume (S.A.W.) mwenyewe haihalalishi haki ya mtu kwa anayejua kuwa si yake, filimbi ya kijana wa Newala itahalalisha vipi sahani ya nyama?

Tukakumbuka pia yale ambayo wafasiri wengi wanayataja kuhusu aya ya 105 na zinazofuata katika sura hiyo ya Nisaa. Deraya iliibiwa Madina, na jamaa wa mwizi wakajipanga kumtetea mtu wao ili lawama imwangukie Myahudi asiye na kosa. Aya zikateremka kumsafisha Myahudi yule na kuwakemea waliomtetea mtu wao wakijua. Tunazisoma kwa sauti nzuri katika Ramadhani.

Tulikawia wiki tatu. Aibu ina visingizio vingi: leo mvua, kesho darsa, keshokutwa gari hakuna. Hatimaye tukateremka Masasi, tukamkuta nahodha yule kwenye kituo cha bodaboda. Tulimwambia kwamba mkono tuliuona na kwamba jiwe hatujui lilitoka kwa nani. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Shehe, mkono sote tuliuona. Tulitaka tu tusikie wewe utasemaje."

Tukampa thamani ya ile sahani. Alikataa, tukamsisitiza, mwisho akaipokea na kuigawa kwa wenzake pale pale mbele yetu.

Matokeo ya mchezo hayakubadilika, na kamati ya kijiji haikutaka hata kuyajadili. Walichokubali ni kwamba nauli ya mwamuzi sasa inachangwa na timu zote mbili na kukabidhiwa mbele ya manahodha wote wawili kabla mpira haujaanza. Kijana wetu ana kovu juu ya jicho, na bado anachezesha. Jamvi la wazee linatandikwa pale pale karibu na goli.

Wabillahi Tawfiq.